Umri wa Mishipa ya Damu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri kupimwa presha, na wengine wameyauliza kwa simu usiku baada ya kusoma majibu yao. Mengi nimeyaacha yalivyoulizwa. Jambo likishajibiwa mahali halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. "Mishipa" mnayosema ni ipi? Mimi mishipa inanivuta miguuni.

Neno hili tumelibebesha mzigo mkubwa. Mshipa unaweza kuwa wa damu, wa fahamu, msuli unaokaza usiku, na hata ngiri na busha watu huviita mshipa. Hapa tunazungumzia ateri tu, yaani mishipa inayotoa damu moyoni kuipeleka mwilini. Zaidi tunaizungumzia iliyo kubwa kuliko zote, aota. Hutoka moyoni, hupinda kifuani kama mpini wa mwavuli, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo hadi karibu na usawa wa kitovu, ambako hugawanyika kwenda miguu yote miwili.

Mguu kukaza usiku ni habari nyingine. Ila kama shavu la mguu linauma ukitembea na kutulia ukisimama, hilo lipeleke kwa daktari bila kungoja.

2. Mshipa si bomba tu la kupitisha damu? Ukikakamaa kuna ubaya gani?

Ungekuwa bomba tu, tungekuwa na shida tangu utotoni. Moyo husukuma na kuacha, husukuma na kuacha, lakini damu kwenye mishipa midogo inatiririka bila kukatika. Kazi hiyo ni ya aota. Moyo ukisukuma, aota hufutuka kidogo na kubaki na sehemu ya damu. Moyo ukipumzika, hujibana yenyewe na kuisukuma ile iliyobaki. Mwaka 1899 Mjerumani Otto Frank aliliweka jambo hili kwenye hesabu, akalifananisha na chungu cha hewa kilichokuwa kwenye pampu za zimamoto za zamani, ambacho kilifanya maji yatoke mfululizo hata kama pampu yenyewe ilikuwa ikienda kwa mikupuo.

Aota ikikakamaa, haifutuki. Damu inapoingia presha hupaa ghafla, na moyo ukipumzika hakuna akiba ya kuishikilia, kwa hiyo presha huporomoka. Kila mpigo unakuwa kama nyundo. Ubongo na figo ndivyo vinavyopigwa zaidi, kwa sababu viungo hivi hupokea damu nyingi kupitia mishipa midogo isiyo na kizuizi kikubwa. Moyo nao unasukuma ukuta mgumu kila mara, hivyo misuli yake hunenepa.

3. Kwa nini mishipa hukakamaa?

Kamata tyubu ya baiskeli mpya uivute, kisha kamata ile iliyokaa juani miaka mitano juu ya bati. Ya pili ina nyufa, ukiivuta haiji. Waliotengeneza manati utotoni wanaijua tofauti hiyo mkononi.

Ukuta wa aota una nyuzi za elastini, ambazo ndizo mpira wake, na nyuzi za kolajeni, ambazo ni kama kamba za katani: zina nguvu lakini hazivutiki. Elastini karibu yote mwili huitengeneza tukiwa tumboni na katika miaka ya utoto. Baada ya hapo hutengenezwa kidogo mno. Sasa piga hesabu: mapigo 70 kwa dakika ni zaidi ya laki moja kwa siku, na kufikia miaka 60 ni zaidi ya bilioni mbili. Nyuzi zile zile zimevutwa na kuachwa mara bilioni mbili. Zinakatika, na kazi inahamia kwa kolajeni. Sukari ya kwenye damu nayo hung'ang'ania kolajeni na kuzifunga nyuzi pamoja, na kalsiamu hutuama ndani ya ukuta.

4. Kwa hiyo ni yale mafuta yanayoziba mishipa?

Hapana, ingawa mara nyingi mambo haya mawili hukaa nyumba moja. Mafuta hujikusanya kwenye utando wa ndani wa mshipa, kwa mabaka, na huziba njia. Kukakamaa hutokea kwenye ukuta wenyewe, tabaka la katikati, na kunaweza kuenea mshipa mzima huku njia ikiwa wazi kabisa.

Ushahidi ninaoupenda ulitoka China mwaka 1985. Alberto Avolio na wenzake walilinganisha watu wa Beijing mjini na wa vijijini Guangzhou. Kolesteroli ilikuwa ya chini pande zote mbili. Hata hivyo mishipa ya watu wa Beijing, waliokula chumvi nyingi zaidi na wenye presha zaidi, ilikakamaa haraka zaidi kadiri umri ulivyosogea. Mtu anayejipa moyo kwamba "kolesteroli yangu ni safi" asidhani amemaliza.

5. "Umri wa mishipa" ni nini hasa? Mimi nina umri mmoja tu, uko kwenye kitambulisho.

Wa kitambulisho unahesabu miaka. Umri wa kibayolojia unauliza mwili umechakaa kiasi gani, na watu wawili waliozaliwa mwezi mmoja hawachakai sawa. Wapo wanaoupima kwa alama za kikemikali kwenye vinasaba, kama ilivyo hesabu iitwayo "saa" ya mtafiti Steve Horvath ya mwaka 2013. Wengine wanauangalia kwenye mishipa. Wazo lenyewe ni la kale: usemi kwamba mtu ana umri wa mishipa yake huhusishwa na Thomas Sydenham, daktari Mwingereza wa karne ya 17.

Ukiambiwa mishipa yako ina miaka 60 nawe una 45, maana yake ni hii tu: ugumu wa aota yako unalingana na wastani wa watu wa miaka 60 katika kundi walilolinganisha nalo. Haina maana kwamba umebakiza miaka 15 pungufu. Peter Nilsson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, pamoja na wenzake ndio walioeneza jina la hali hii, mishipa kuzeeka mapema kuliko mwenyewe.

## Kupima

6. Unapimwaje? Kuna kuchomwa sindano?

Hakuna. Kinachopimwa ni kasi ya wimbi la mpigo. Kila moyo unaposukuma, wimbi hukimbia kwenye ukuta wa mishipa, na ukuta mgumu hupitisha wimbi haraka kuliko laini. Wimbi lisichanganywe na damu yenyewe. Damu kwenye aota, hata inapokwenda kasi kabisa, huwa karibu na mita moja kwa sekunde. Wimbi huitangulia mbali.

Unalazwa chali, unatulia kama dakika kumi. Kihisio kimoja kinawekwa shingoni panapodunda, kingine kwenye nyonga, juu ya paja panapodunda. Mashine inahesabu wimbi limechelewa kiasi gani kufika nyonga. Umbali wa moja kwa moja kati ya sehemu hizo mbili unazidishwa kwa 0.8 na kugawanywa kwa muda huo. Tuseme umbali ni sentimita 65: mara 0.8 unapata 52. Wimbi likichelewa kwa sekunde 0.08, kasi ni mita 6.5 kwa sekunde. Likichelewa kwa 0.052 tu, kasi ni 10. Kazi yote ni hiyo, na mtu hutoka bila hata alama ya plasta.

7. Namba ngapi ni nzuri na ngapi ni mbaya?

Katika vipimo vya Ulaya, vijana chini ya miaka 30 huwa karibu na mita 6 kwa sekunde, na waliovuka 70 huwa 10 na kitu. Tangu makubaliano ya wataalamu ya mwaka 2012, zaidi ya 10 huhesabiwa kuwa ni mishipa iliyokakamaa. Kasi hiyo ni ya Usain Bolt: alipomaliza mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, wastani wake ulikuwa mita 10.4 kwa sekunde.

Mwaka 2010 zilijumlishwa tafiti 17 zenye watu 15,877. Kila kasi ilipozidi kwa mita 1, hatari ya matukio ya moyo na mishipa, kama kiharusi na mshtuko wa moyo, ilipanda kwa asilimia 14, hata baada ya umri, jinsia na vihatarishi vingine kuzingatiwa.

Angalizo moja muhimu. Wajapani hupima sana kutoka mkononi hadi kifundo cha mguu, na huko mpaka wa hatari ni 18, si 10. Mzee mmoja aliwahi kuniletea cheti cha 14 akiwa ameshaanza kuwaandikia watoto wosia. Kilikuwa kipimo cha mkono na mguu. Kabla hujashtuka, uliza wimbi lilipimwa kutoka wapi hadi wapi.

8. Mashine hiyo huku kwetu hakuna. Nitajuaje?

Anza na ile ya presha ya kawaida, iliyopo hata kwenye duka la dawa. Toa namba ya chini kwenye namba ya juu. Mtu wa 118/76 ana tofauti ya 42. Mtu wa 168/72 ana 96.

Tofauti hiyo ndiyo urefu wa nyundo iliyoelezwa kwenye swali la 2. Kwa mtu mzima wa makamo kwenda juu, tofauti ya 60 au zaidi inayojirudia kila anapopimwa ni dalili kwamba mishipa mikubwa imekakamaa. Ni kipimo cha bure, na kusema kweli kinanikera kwamba watu wengi huambiwa "presha yako 160" na namba ya pili hata haitajwi.

Tofauti kubwa inaweza pia kuletwa na upungufu wa damu, homa, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ujauzito, au vali ya aota inayovuja. Kijana mwenye 130/50 asijiite mzee. Apimwe damu kwanza na asikilizwe moyo.

9. Si kweli kwamba presha ya mtu ni 100 ukijumlisha umri wake?

Hapana, na kanuni hii imezika watu. Mzee wa miaka 70 mwenye 170 anaambiwa ni sawa kwa umri wake. Ni kawaida kwa maana ya kwamba wapo wengi, kama vile kung'oka meno kulivyo kawaida. Si salama.

10. Saa yangu ya mkononi inaniambia umri wa mishipa. Niiamini?

Saa na pete hizi humulika mwanga kwenye ngozi, zinasoma umbo la mpigo, kisha programu inakisia. Hakuna kilichopimwa shingoni wala nyonga. Zipo pia hesabu zinazokisia kasi ya wimbi kwa umri na presha tu, na kwa makundi makubwa ya watu zinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwako binafsi, fuatilia mwelekeo wa miezi kadhaa. Namba ya siku moja iache.

11. Dalili zake ni zipi?

Hazipo. Mshipa mgumu hauumi. Wakati mwingine mkono wangu ndio unaogundua: nikigusa mpigo kwenye kifundo cha mkono wa mzee, naukuta mshipa ukiteleza chini ya kidole kama kamba ya kuanikia nguo, nausikia hata nikibana damu isipite. Wa kijana ukibanwa hupotea.

## Kinachozeesha mishipa

12. Nini huharakisha?

Presha yenyewe iko mbele, na hapo kuna mduara mbaya: presha hukakamaza mishipa, na mishipa iliyokakamaa hupandisha namba ya juu ya presha. Kisukari kinafuata, kwa sababu iliyotajwa kwenye swali la 3. Ugonjwa wa figo wa muda mrefu hujaza kalsiamu kwenye kuta. Sigara, unene wa tumbo na kukaa kutwa nzima pia vimo. Kwa wanawake mambo hubadilika baada ya hedhi kukoma. Mwanamke ambaye presha yake ilikuwa nzuri maisha yote anaweza kuona namba ya juu ikipanda ndani ya miaka michache.

13. Basi ni uzee tu, hakuna wa kuukwepa?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Kiasi chenyewe ndicho cha kubishania. Utafiti wa Intersalt wa mwaka 1988, uliopima watu katika vituo 52 duniani, uliwakuta Wayanomami wa msitu wa Amazon karibu hawali chumvi, na presha yao haipandi na umri.

Wa karibu yetu ni utafiti wa Waluo wa Kenya, uliochapishwa na Neil Poulter na wenzake mwaka 1990. Waliwafuata watu waliohama vijijini magharibi ya Kenya kwenda Nairobi na kuwalinganisha na waliobaki. Damu ni ile ile, ukoo ni ule ule. Presha za waliohama zilipanda mapema baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulionyesha chumvi imeongezeka na potasiamu imepungua. Chakula cha mji kiliingia kwenye mishipa kabla mtu hajapata hata kazi ya kudumu.

14. Vijana wa Kiafrika wamewahi kupimwa?

Ndiyo. Chuo Kikuu cha North-West, Potchefstroom, Afrika Kusini, kinaendesha utafiti uitwao African-PREDICT kwa watu walioanza wakiwa na miaka 20 hadi 30 na afya nzuri, weusi na weupe, ukipima pamoja na mengine kasi ya wimbi. Umuhimu wake ni kuwakamata mapema, kabla presha haijaonekana.

## Kurudisha nyuma

15. Mshipa uliokakamaa unaweza kulainika?

Elastini iliyokatika hairudi. Lakini ugumu wa mshipa hautokani na nyuzi pekee. Misuli laini ya ukutani na utando wa ndani vinaweza kulegea, na presha ikishuka ukuta haujinyooshi hadi mwisho wake.

Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya watu 138 waliokuwa wakijiandaa kukimbia London Marathon kwa mara yao ya kwanza. Baada ya mazoezi ya miezi 6 na mbio zenyewe, aota zao zilikuwa laini kwa kiasi kinacholingana na kurudi nyuma karibu miaka 4, na presha ilishuka kwa 4 juu na 3 chini. Waliofaidika zaidi walikuwa wenye umri mkubwa na waliokimbia polepole, jambo linalonifurahisha kila ninapolisimulia. Mwaka 2000 Hirofumi Tanaka na wenzake, Marekani, walikuwa wameshaonyesha kwamba miezi 3 ya kutembea kwa bidii ilitosha kulainisha mishipa ya shingo ya wanaume wa makamo waliokuwa hawafanyi mazoezi.

16. Chumvi nipunguze hadi wapi?

Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na hiyo ni pamoja na iliyomo ndani ya chakula tayari. Chungulia kisahani cha nyama choma: ule mlima mdogo wa chumvi ya kuchovya peke yake unaweza kumaliza hesabu ya siku. Ng'onda, papa mkavu, vidonge vya mchuzi, mkate na chipsi vinaongezea kimya kimya. Ndizi, maharage na mboga za majani huleta potasiamu, ila mgonjwa wa figo aulize kwanza.

17. Kitunguu saumu, tangawizi na limao havisafishi mishipa?

Hili ndilo swali linaloongoza. Kitunguu saumu kimeonyesha kushusha presha kidogo katika baadhi ya majaribio, kwa hiyo kula. Limao halichuji kalsiamu kwenye aota; asidi ya tumbo lako ni kali kuliko limao, na damu hairuhusu ukali wake kubadilika kwa glasi moja. Tatizo langu na dawa hizi ni pale mtu anapoacha vidonge vyake vya presha kwa ajili yake. Na kuchua mishipa? Aota iko mbele ya uti wa mgongo, mkono wa mchuaji haufiki. Shingoni usiruhusu mtu akubane.

18. Je, dawa zipo?

Ya kulainisha mishipa moja kwa moja, haipo madukani. Alagebriamu, iliyolenga kuvunja vifungo vya sukari na kolajeni, ilianza kwa matumaini ikaishia njiani. Za presha zinasaidia, na si zote sawa. Mwaka 2006 utafiti wa CAFE uliwalinganisha waliotumia amlodipini na waliotumia atenololi. Mkononi presha zilikuwa karibu sawa, lakini karibu na moyo kundi la amlodipini lilikuwa chini kwa takriban 4. Usibadilishe dawa yako kwa sababu ya aya hii. Wapo ambao moyo wao unaihitaji atenololi.

## Kesi za pembeni

19. Nikitibiwa kwa kufuata kasi ya wimbi badala ya presha, nitaishi zaidi?

Jaribio la SPARTE la Ufaransa, lililochapishwa mwaka 2021, liliuliza hivyo hivyo. Walioongozwa na kipimo hiki walipewa dawa zaidi na mishipa yao ikawa na hali bora, lakini matukio ya moyo hayakupungua kwa tofauti ya kuaminika. Washiriki walikuwa wachache kwa swali kubwa kama hilo. Kwa sasa ninakiona kipimo hiki kuwa taa ya kuonyesha nani atibiwe mapema, si usukani wa matibabu.

20. Kweli wanaanga huzeeka mishipa?

Kweli. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kiliwapima kabla na baada ya miezi 6 kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mishipa yao ya shingo ilikakamaa kama ya mtu aliyeongeza miaka 10 hadi 20. Huko juu kuna mazoezi kila siku, lakini hakuna kutembea wala kusimama kwa uzito wako mwenyewe kutwa nzima.

21. Nimepima mara mbili wiki moja, majibu yamepishana.

Jiulize kama ulikunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya saa tatu kabla ya kipimo, kama ulikuwa unaongea, na presha yako ilikuwa ngapi kila mara, maana presha ikipanda wimbi nalo hukimbia zaidi. Kama mapigo yako hayana mpangilio, kipimo hiki hakikufai mpaka yatulie.

22. Baba yangu ana presha 190 kwenye mashine, ila dawa zikimshusha kidogo tu anaanguka.

Mueleze daktari maneno hayo hayo. Kwa wazee wachache mshipa wa mkono umekuwa mgumu kiasi kwamba kile kitambaa cha mashine kinapambana na ukuta wenyewe, na kinasoma presha ya juu kuliko iliyomo ndani. Vilevile kwa wenye kisukari cha muda mrefu mishipa ya kifundo cha mguu hukataa kubanwa, na kipimo cha kulinganisha presha ya mguu na ya mkono hutoka juu ya 1.4 wakati damu miguuni ni haba.

Lingine la kuangalia ni namba yake ya chini. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe hupata damu yake hasa moyo unapopumzika, kwa hiyo ya chini ikiporomoka sana huku ya juu ikikimbizwa, moyo unaweza kukosa. Apimwe akiwa amekaa, kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya tatu, na zote ziandikwe kwenye daftari lake la kliniki.